Unyayo Huu ni wa Lini?

Mgeni akionyeshwa unyayo katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi huuliza ni wa mnyama gani. Swali hilo lina haki yake, na jibu lake halichukui miaka kujifunza. Simba na chui hukanyaga wakiwa wameficha kucha, na kisigino chao kwa nyuma hugawanyika sehemu tatu. Fisi huacha alama za kucha kila hatua, na mguu wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma, sawasawa na mwili wake ulivyoelemea mbele. Kiboko ana vidole vinne. Pundamilia ana ukwato mmoja usiopasuka, nyati wake umepasuka katikati na ni mnene. Kijana mwenye macho mazuri na hamu ya kazi atayashika hayo katika msimu mmoja. Kinachomtenga na askari aliyezeeka porini ni swali jingine, ambalo mzee hujiuliza kabla ya lile la kwanza: unyayo huu ni wa lini?

Na Katavi ni mahali pagumu kuulizia hivyo. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Makao yake yako Sitalike, kusini mwa Mpanda mjini. Ndani yake kuna mabonde mapana ya nyasi, Katisunga, Chada na Katavi yenyewe, ambayo masika huwa maji na kiangazi huwa uwanja mkavu. Udongo wake ni mweusi, mzito, wa kunata. Tembo akipita mwezi Aprili, mguu wake huzama vilivyo. Mvua ikikatika na jua likishika kazi, tope lile hukauka likawa gumu kama tofali, na shimo la mguu hubaki lilivyo, kingo zake kali, mpaka mvua za Novemba zije kulilainisha. Kwa hiyo mtu anayesimama Katisunga mwezi Septemba anazo mbele yake nyayo za miezi mitano nyuma zilizo kamili kuliko za jana, kwa sababu mnyama wa jana alipita juu ya ardhi iliyokwisha kukauka na hakuacha ila mkwaruzo wa vumbi. Kilicho wazi zaidi machoni ndicho kikuukuu zaidi. Asiyejua atasema kundi kubwa limepita hapa. Ni kweli limepita, ila wakati huo uwanja wote ulikuwa kinamasi.

Mchanga wa Mto Katuma una tabia iliyo kinyume kabisa. Hupokea unyayo vizuri alfajiri, na upepo wa saa nne asubuhi huanza kuula. Kingo huporomoka, sakafu ya unyayo hujaa chembe zilizopeperushwa, na kufikia jioni mguu wa chui unaweza kuonekana kama wa mnyama mkubwa kuliko alivyo, maana shimo limetanuka kwa kubomoka. Ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu, basi, mtu hukutana na ardhi mbili zinazotunza wakati kwa namna mbili tofauti, na anayebeba kanuni moja ya kuzisomea zote atapotea kabla ya chakula cha mchana.

Hapo ndipo ninapoupendea ufundi huu. Hauna kifaa. Saa zake ni vitu vilivyokuwepo tayari, na kazi ni kujua kila kimoja kinaanza kuhesabu lini.

Chukua umande. Nyasi zilizolala chini ya umande huwa na weupe wa mbali ukizitazama zikiwa kati yako na jua. Mnyama aliyepita kabla umande haujaanguka amefunikwa nao, na njia yake haionekani kwa rangi. Aliyepita baada yake amekung'uta matone, na nyuma yake kuna mstari wa kijani kilichokolea, unaodumu hadi jua likaushe uwanja mzima. Mstari huo ukiuona saa moja asubuhi, unajua mwenyewe hayuko mbali.

Chukua wadudu wa usiku. Giza likiingia, mchanga wa njia hupitiwa na mbawakawa, majongoo na sisimizi, kila mmoja akiacha uzi wake mwembamba wa nukta na mikwaruzo. Uzi ukipita juu ya unyayo, ukashuka ndani na kupanda upande wa pili, mnyama alipita kabla ya mdudu, yaani jana au mapema usiku. Unyayo ukiukata uzi, mnyama amekuja baadaye. Mtu huinama, hutazama vistari viwili vilivyopishana, kisha husimama akiwa na jibu la karibu na saa. Yule mdudu anayechimba vishimo vya mviringo mchangani ili kutega sisimizi naye husaidia: kishimo kizima, kilichosafishwa, kikiwa katikati ya unyayo wa nyati kina maana kwamba amepata muda wa kukijenga.

Chukua mvua, ambayo ni saa kamili kuliko zote, kwa sharti moja: uwe umeisikia. Unyayo wenye vidoa vya matone ni wa kabla ya mvua, usio navyo ni wa baada. Lakini mvua ilinyesha saa ngapi? Askari mzuri akiwa kambini Ikuu huamka usiku manyunyu yakigonga bati, hutazama saa, kisha hulala tena. Aliyelala fofofo ameipoteza saa hiyo ya kesho, na hakuna atakayemrudishia.

Kinyesi nacho kina ratiba yake. Choo kibichi cha tembo kina unyevu unaong'aa na joto ndani. Mtu hutia mkono katikati, maana nje hupoa kwanza. Mbawakawa wa mavi hufika mapema, hukisambaza na kukizika. Kikikauka bila kuguswa, mchwa huja chini kwa chini na kukifunika kwa udongo wao. Kinyesi cha fisi huwa cheupe kikikauka kwa sababu ya mifupa aliyosaga, na weupe huo huwadanganya wengi wakadhani ni cha zamani sana. Hapa sitaki kutoa jedwali la siku na saa, na nawaonea mashaka wanaolitoa. Choo kilichoanguka kivulini chini ya mkwaju na kilichoanguka juani Katisunga havizeeki pamoja, hata kama ni vya tembo mmoja kwa asubuhi moja.

Ndiyo sababu fundi haamui kwa alama moja. Hungoja mbili au tatu zikubaliane: umande, uzi wa mdudu, jani lililovunjika ambalo maji yake bado hayajakauka penye jeraha. Zisipokubaliana hunyamaza na kuendelea kutembea. Kijana akimwuliza, "Afande, huyu simba?" anaweza kujibiwa, "Alikuwa simba," na hilo ndilo litakuwa jibu lote. Mnyama alikuwa hapa. Alipo sasa ni habari nyingine, ambayo ardhi ya mahali hapa haijaisema.

Namna ya kutazama nayo hufundishwa. Unyayo huonekana kwa kivuli chake, si kwa rangi, kwa hiyo mtu huweka alama kati yake na jua, na hupenda jua liwe chini. Asubuhi na alasiri kila kishimo kina ukingo mweusi. Saa sita mchana nyayo zilezile zilizokuwa wazi hupotea, ilhali hakuna kilichozifuta. Wakati huo ni bora kukaa kivulini, kama ndorobo wataruhusu, na ndorobo wa Katavi hawajulikani kwa ukarimu. Mtafiti Tim Caro, aliyefanya kazi miaka mingi katika hifadhi hii akihesabu wanyama wakubwa kwenye mistari iliyopimwa, alijishughulisha pia na swali la kwa nini pundamilia ana mistari. Jibu analoliegemea linawahusu nzi wanaouma, ambao hushindwa kutua vizuri juu ya mistari ile. Aliyewahi kushinda siku moja katika msitu wa hapa hatashangaa kwamba mnyama angebadilishwa rangi na nzi.

Katika mto, kiangazi, alama huwa nyingi hadi hazihitaji kutafutwa. Katuma hupungua hadi kubaki madimbwi, na viboko hujazana humo kwa mamia, mgongo kwa mgongo, wakigombania tope. Mamba hujikokota ndani ya mapango waliyoyachimba kwenye kingo za mto na kungoja humo mvua. Mtu hudhani mahali kama hapa hapana cha kusoma. Lakini kiboko hutoka usiku kwenda malishoni na kurudi kabla ya kupambazuka, na njia yake ina mifereji miwili yenye tuta katikati, kwa jinsi miguu yake ilivyotengana. Anayezifuata njia hizo mwezi kwa mwezi huona zikirefuka. Majani ya karibu na maji huisha, mnyama huenda mbali zaidi, na urefu wa njia humweleza mtu hali ya malisho kuliko hesabu ya vichwa dimbwini. Maji ya Katuma huchepushwa huko juu, nje ya hifadhi, kwa mashamba ya mpunga, na lile lililoamuliwa kwenye jaruba hufika hapa likiwa limeandikwa kwa miguu ya viboko.

Msitu wa miombo unaozunguka mabonde hayo una kalenda yake. Mtundu na jamii yake huchipua majani mapya mekundu mwezi Septemba na Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua, ardhi ikiwa bado kavu. Mgeni hudhani mvua imenyesha mahali fulani. Haijanyesha. Mti umetumia akiba yake, na wanyama walao majani hujua: nyayo za pofu na korongo huanza kuonekana msituni kuliko uwandani. Tembo hubandua magome ya mtundu kwa pembe na kuyavuta kwa mkonga yakiwa mapande marefu. Jeraha jipya lina unyevu na rangi ya damu ya mzee. Hufifia kuwa kahawia, halafu kijivu. Tembo aliyeoga matope akijikuna kwenye shina huacha doa la tope, na urefu wa doa kutoka chini hutoa habari ya kimo chake. Habari iliyo bora zaidi hutoka mguuni: mwaka 1983 David Western, Cynthia Moss na Nicholas Georgiadis, wakifanya kazi Amboseli kule Kenya, walionyesha kwamba urefu wa unyayo wa mguu wa nyuma hukadiria umri wa tembo, na kwa nyayo nyingi mtu hupata picha ya kundi zima, watoto wangapi kwa wazee wangapi, bila kumwona tembo hata mmoja. Mara moja, basi, swali la lini huingia ndani ya mnyama mwenyewe: alizaliwa lini?

Mashimo yana adabu yake. Muhanga huchimba, ngiri hurithi. Utando wa buibui ukiwa umetandwa mlangoni, hakuna aliyepita tangu buibui amalize kazi. Nzi wakizunguka mlangoni, kuna mwenye nyumba. Ngiri mzima huingia kinyumenyume ili pembe zake ziwe mlangoni, kwa hiyo nyayo zinazotazama nje si ushahidi kwamba ametoka. Wengi wamechungulia wakiwa na hakika hiyo, na wakakimbia.

Jina lenyewe la hifadhi lina uhusiano na kazi hii. Katabi, kwa masimulizi ya wenyeji, alikuwa mwindaji, na roho yake hukaa kwenye mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Watu bado hupeleka sadaka pale. Hifadhi iliyopiga marufuku uwindaji imepewa jina la mwindaji. Sioni kichekesho ndani yake. Ujuzi wa askari wa leo ulianzia kwa wawindaji na warina asali wa Kipimbwe, Kikonongo na Kibende, na wengi wa wanaofuata nyayo za majangili wameupata kutoka kwa wazee waliofuata nyayo za pofu.

Warina asali wana alama moja isiyongoja kusomwa. Ni ndege mdogo wa kijivu ambaye hula nta, na akiwapata nyuki humtafuta mtu. Hupiga kelele za haraka karibu naye, huruka kidogo akionyesha manyoya meupe ya mkia, hungoja, huruka tena. Wazee wa Kiborana wa kaskazini mwa Kenya walikuwa wakisema ndege huyu huwaeleza upande, umbali, na kama wamefika. Hussein Isack, Mkenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, waliyapima madai hayo na kuyachapisha mwaka 1989. Wazee walikuwa sahihi. Kadiri mzinga unavyokaribia, ndege hutoweka kwa muda mfupi zaidi, husimama kwa vituo vya karibu zaidi, na hutua kwenye matawi ya chini zaidi. Bila ndege, warina asali walitumia wastani wa karibu saa tisa kupata mzinga. Wakiwa naye, saa tatu na kitu. Baadaye, mwaka 2016, Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kule Niassa, Msumbiji, kwamba mlio maalumu wa Wayao uliongeza nafasi ya kuongozwa na ndege hadi kufikia mara mbili. Wahadzabe hutumia mluzi, na utafiti wa mwaka 2023 ulikuta kwamba ndege wa kila nchi huitikia zaidi sauti ya watu wa nchi yake. Yaani ndege naye anasoma.

Ninachokithamini kwa Isack ni mpangilio wake: alianza na kauli za wenye kazi, akazigeuza kuwa vipimo, na akakubali kwamba zingeweza kuanguka. Lakini ndege huyo, pamoja na ustadi wake, husema wapi tu. Kama masega yamejaa au ni matupu hajali, kwa sababu yeye anataka nta. Hilo mrina asali hulijua kwa kutazama miti gani imechanua na imepukutisha maua tangu wiki ngapi, akarudi kwenye swali lilelile.

Louis Liebenberg, Mwafrika Kusini, aliandika mwaka 1990 kwamba kufuata nyayo ndiko chimbuko la sayansi. Naona amelitanua jambo, kwa maana mkulima na mvuvi nao wana dai lao. Ila ushahidi ulio karibu na Mpanda unamtetea kwa nguvu.

Kaskazini magharibi mwa Mpanda, katika milima na mabonde ya nchi ya Watongwe hadi Ugalla, wanaishi sokwe mtu. Nchi yao ni kavu, miombo mitupu iliyokatwa na vipande vyembamba vya msitu wa mtoni, na wao ni wachache, wametawanyika, wanakimbia watu. Mjapani Takayoshi Kano aliizunguka nchi hiyo ya mashariki mwa Ziwa Tanganyika na kuchapisha matokeo mwaka 1972. Kwa sehemu kubwa alichokihesabu kilikuwa viota, si sokwe. Mwaka 2007 Adriana Hernandez-Aguilar, Jim Moore na Travis Pickering walitangaza kwamba sokwe wa Ugalla huchimba mizizi na viazi vya mwituni kwa vijiti na vipande vya gome. Hawakuwaona wakichimba. Walikuta mashimo, vifaa vilivyochakaa ncha na kubaki na udongo, alama za vifundo vya vidole ardhini, vinyesi, na nyuzi zilizotafunwa na kutemwa. Kila kimoja peke yake kingeweza kukataliwa. Nguruwe huchimba, watu huchimba, kijiti huanguka popote. Vikikutana mahali pamoja hujibu swali la nani.

Halafu likaja lile jingine, na ndilo lililowatikisa wasomi wa chimbuko la binadamu. Dhana ilikuwa kwamba mizizi ni chakula cha njaa, cha kiangazi, pale matunda yanapokwisha. Umri wa mashimo yale ulisema wanachimba masika, wakati chakula kingine kipo. Kama mtu angetambua mchimbaji bila kutambua msimu, angekuwa na habari nzuri na hitimisho lisilo sahihi.

Leo Bonde la Issa, katika nchi hiyohiyo, lina kituo cha utafiti kilichofanya kazi kwa miaka mingi, na sokwe wake wamezoea kufuatwa. Mwaka 2022 Rhianna Drummond-Clarke na wenzake waliripoti kwamba wanaposimama na kutembea kwa miguu miwili, zaidi ya asilimia 85 ya mara hizo hufanya hivyo juu ya miti, ingawa nchi yao ni ya wazi. Hayo yanahitaji macho yaliyomfuata mnyama mwenyewe kutwa nzima. Lakini kwa mabonde mengine, ambako sokwe hawajazoea, hesabu bado inafanywa kwa viota.

Sokwe mkubwa hujenga kiota kipya kila jioni. Hukunja matawi, huyafuma, hulala, huondoka. Wasaidizi wa utafiti, wengi wao vijana wa vijiji vya huku, hutembea kwa mstari wakitazama juu, na kila kiota huandikwa umri: majani bado mabichi na chini yake kuna kinyesi, majani yamenyauka, yamekauka kahawia na mwanga unapenya, au yamebaki matawi tu. Idadi ya viota hugawanywa kwa muda ambao kiota hudumu kabla ya kutoweka, ndipo ikatoka idadi ya walalaji. Muda huo ukikosewa, sokwe huongezeka au hupungua kwenye karatasi bila mmoja kuzaliwa wala kufa. Kuupata hakuna njia ya mkato. Mtu huchagua viota vilivyojengwa jana, huweka alama kwenye shina, na huvirudia tena na tena, masika na kiangazi, akiandika kila kimoja kimefikia wapi katika kuoza, mpaka siku atakapofika chini ya mti na kukosa cha kuandika. Kiota cha mtundu hakiozi sawa na cha mti wa mtoni, wala cha mwezi Mei sawa na cha Novemba, kwa hiyo bonde jipya huanza na viota vyake, na mtu wake wa kuvirudia.